Sema Uliteleza

Daktari alipofungua bendeji, fundi cherehani aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Vidole viwili havikuwepo. Pangaboi la injini lilivikata boti ilipogonga mwamba naye akatupwa majini.

Kaka yake, aliyekuwa akiendesha boti hiyo, alimwinamia sikioni.

"Mdogo wangu, sisi ni tumbo moja. Sema uliteleza."

Askari polisi aliyekuja kuandika maelezo akasogeza kiti. "Pole, mama. Ilikuwaje?"

Fundi alijaribu kukunja vidole kama anayeshika sindano. Vile visivyokuwepo ndivyo alivyovihisi vikikunjika.

"Alikuwa amelewa," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja vipimo vya gauni. "Nilimwambia apunguze mwendo, akacheka."

Kisha akamnyooshea daktari mkono, aufunge.