Kitabu Alichokihifadhi Mzee

"Futa hilo neno, shemeji," mzee alisema. "Hakuliacha 'alitoweka'. Alilibadilisha kuwa 'alitoweshwa'."

Mjane alilifuta kwa wino mweupe, akapuliza karatasi ikauke, akapiga upya. Ilikuwa Alhamisi ya thelathini na moja tangu waanze. Kila Alhamisi mchana mzee huyo mwembamba alibisha hodi, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango, akafumba macho na kuisema riwaya ya marehemu mumewe, sura baada ya sura, naye mjane akiipiga chapa.

Mumewe alikuwa mwalimu wa lugha. Makachero wa serikali walimchukua miaka kumi na tisa iliyopita pamoja na mswada wake, nakala ya pekee. Mswada haukurudi. Mwenyewe pia hakurudi. Ilikuja barua ya mistari miwili: amefia kizuizini.

Siku ya kwanza mzee alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Ninacho kitabu cha mumeo," alisema, akagusa kipaji cha uso. "Kimo humu. Kinaninyima usingizi."

"Mlikuwa pamoja?" mjane aliuliza.

"Jengo moja. Mwaka mzima."

Hakumchimba zaidi. Waliotoka kule hawapendi kuulizwa. Alijichorea mwenyewe picha: wanaume wawili gizani, mumewe akinong'ona, huyu akisikiliza na kuhifadhi.

"Kwa nini alilibadilisha?" aliuliza sasa.

"La kwanza halina mkosaji. Mtu anatoweka tu, kama umande. La pili linakuuliza: na nani?" Mzee alitabasamu kidogo, macho bado yamefumbwa. "Silabi moja, shemeji, na serikali nzima ikatokwa jasho. Alilikata kwa wino wa bluu, mstari mmoja, akaandika lingine juu yake."

Binti wa mjane, muuguzi, alikuwa amepita kubadilisha viatu kabla ya zamu. Alisubiri mpaka mzee akaondoka.

"Mama, huyu babu wino wa bluu aliuonea wapi?"

"Baba yako alijua kusimulia, mwanangu. Angekwambia hadi rangi ya soksi za mhusika."

"Na chai yako, mbona haigusi?"

"Kaa mwaka mzima jela, tumbo lako nalo litachagua."

Binti alicheka, akaenda kazini. Mjane alibaki akisoma kurasa za siku hiyo kwa sauti. Ilikuwa sauti ya mumewe hasa: zile sentensi fupi, zile koma alizoziweka pale mtu anapovuta pumzi. Wakati mwingine aligeuka ghafla, akidhani yuko nyuma yake anamsahihisha.

Alhamisi ya arobaini na tatu walifika sura ya mwisho. Mzee aliisema polepole, machozi yakimchuruzika hadi shingoni bila kuyafuta. Aliposema neno la mwisho alifumbua macho. Mjane aliichomoa karatasi, akaiweka juu ya rundo, akalikumbatia rundo lote kama mtoto mchanga.

Kisha alimwendea mzee, akapiga magoti mbele yake, akaishika mikono yake miwili na kuibusu.

"Umenirudishia mume wangu," alisema. "Nitaandika jina lako ukurasa wa kwanza, kila msomaji ajue ni nani aliyemsikiliza mle ndani. Niambie tu, walikufunga kwa kosa gani?"

Mzee alijaribu kuitoa mikono yake. Mjane alizidi kuishika.

"Inuka, shemeji, tafadhali."

"Siinuki mpaka uniambie."

"Sikufungwa hata siku moja," mzee alisema. "Mswada uliletwa mezani kwangu, ghorofa ya tatu. Niliusoma mara saba kabla ya kutia sahihi kwamba mwenyewe asitoke."