Jina Chini ya Dirisha la Rubani

Jina halikuwepo.

Enid Harbottle alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya skafu, akaivaa tena. Chini ya dirisha la rubani, pale ambapo kwa miaka minane paliandikwa W. HARBOTTLE kwa herufi nyeupe, palikuwa na kiraka cha rangi ya kijani. Kimepakwa ovyo, brashi imekwenda huku na huku. Alikigusa, kidole kikatoka na rangi.

Watu walikuwa wameanza kujaa kwenye majani ya uwanja wa ndege wa Skelby, Uingereza, na viti vyao vya kukunja, chupa zao za chai na daftari za kuandikia namba za ndege. Kila Juni huja kuziona ndege za vita vya Hitler zikiruka tena. Na kila Juni, kabla ile ndege ya kivita ya Spitfire haijawashwa, Enid hupitishwa ndani ya kamba inayowazuia watazamaji, akaligusa lile jina, akarudi kukaa. Watu wa Skelby ndivyo walivyo: wakishaifufua ndege, huipa jina la rubani mmoja aliyekufa, ikawa yake. Hii walimpa kaka yake, Wilf.

Wilf hana kaburi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili ndege yake ilipotumbukia baharini upande wa Ufaransa, miaka arobaini na mitatu iliyopita, na hakikupatikana hata kifungo. Mama yao alianguka kitandani siku barua ilipofika, hakuinuka tena sawasawa kwa miaka kumi na tisa. Enid ndiye aliyemlisha na kumgeuza. Mchumba wake aliyekuwa anahamia Kanada alingoja mwaka, akangoja wa pili, akaenda zake na mwingine. Enid hakulalamika. Kama Wilf alitoa roho yake, yeye angeanzaje kumkimbia mama?

Alimkuta Desmond Pask, fundi na mwenye ndege, nyuma ya banda la ndege, amejiinamia kwenye sanduku la spana kama mtu anayetafuta sindano.

"We Desmond! Nani kalifuta jina la kaka yangu?"

"Bi Enid! Nilikuwa ndiyo nakuja kukusalimia."

"Salamu zako kaa nazo. Nimekuuliza."

"Si mimi."

"Banda lako, funguo zako, rangi yako. Ni panya basi?"

Desmond alijipangusa mikono kwenye ovaroli, ingawa haikuwa na uchafu. "Nimeapa nisiseme. Niulize jingine lolote."

Enid akakumbuka. Mwaka jana tajiri mmoja wa Leeds alikuja na gari refu, akitaka ndege ile iandikwe jina la mjomba wake. Desmond alimcheka mpaka akaondoka. Kumbe alikuwa anacheka mbele za watu tu!

"Umemuuza," alisema kwa hasira. "Nimekupa picha zake, Desmond. Nimekupa barua zake, ambazo hata kasisi sijamwonyesha. Umekula keki mezani kwangu kila Krismasi. Na mimi mjinga nikakuhesabu ndugu. Kweli wahenga hawakukosea: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe."

Akamwacha hapo na sanduku lake, akaondoka.

Joyce wa kibanda cha chai alimfuata Enid na kikombe mkononi. "Usimlaumu Desmond, mpenzi. Kuna watu hawakataliki." Naye hakumtazama usoni. Lo! Kumbe wote wanajua, yeye tu ndiye wa mwisho. Enid alijiona kama amevuliwa nguo hadharani.

Chai hakuinywa. Alichukua kiti chake, akainama akapita chini ya kamba, akakikunjua kwenye majani mbele kabisa ya propela, akakaa na mkoba wake mapajani.

Kipaza sauti kikaomba radhi kwa kuchelewa kidogo. Rubani wa siku hiyo, aliyekwisha kujifunga mikanda, akavua kofia akachungulia. Watu wakasimama juu ya viti ili waone.

"Mama, hapo si kituo cha basi!" mmoja alipiga kelele, na wenzake wakaangua kicheko.

"Chekeni tu," alijibu Enid bila kugeuka. "Mimi sibanduki."

Desmond alikuja mbio, akachuchumaa kando ya kiti. "Bi Enid, inuka. Nakusihi."

"Andika jina kwanza. Hapa, sasa hivi. Brashi unayo."

"Siwezi."

"Basi nitakipokonya kile kipaza sauti, niwaambie wote hawa kwamba umemzika kaka yangu mara ya pili ili kumridhisha tajiri. Na huyo tajiri nitamtaja."

"Hakuna tajiri, Bi Enid."

"Desmond, nina miaka sitini na miwili. Sina mume, sina mtoto. Yule kaka na lile jina ndiyo mali yangu yote. Nani kalifuta?"

Machozi yalikuwa yakimlengalenga mtu mzima yule. Aliangalia nyuma, kwenye kamba, kuhakikisha hakuna anayesikia.

"Wilf mwenyewe," alisema. "Alikuja jana na mkewe na wajukuu wanne, akaomba brashi. Nilipomwambia kesho utakuwepo, akapaka haraka haraka, akaniapisha, akaondoka."