Mhina Badala ya Ambakisye

Ligi ya besiboli ilikuwa na sheria moja: timu zikibadilishana wachezaji, wachezaji hao wanabadilishana hata mama. Timu ya Mbeya ilikuwa ikijengwa upya, hivyo asubuhi Mama Ambakisye alimsindikiza mwanawe kwenda Tanga, na jioni akamfungulia mlango Mhina, mrushaji mpira wa timu ya Tanga.

"Vua viatu. Unakula nini?"

Kijana akampa karatasi ya mama yake: "Hali bamia. Anaogopa radi. Usimcheke."

Mama Ambakisye naye alikuwa amemfungia mwanawe karatasi kama hiyo. Akairudisha jikoni bamia aliyokuwa ameiandaa, akakaanga mayai.

Radi ilipopiga, kijana alidondosha kijiko.

"Usiogope, Ambakisye."

"Mhina, mama."

"Haya, Mhina. Kula, yanapoa."

Mama Ambakisye akaomba kimoyomoyo kwamba huko Tanga nako kuwe na mama anayekosea jina.