Mlango wa Mwisho Kulia

Uthman alijifuta mafuta ya mbuzi kwenye ubavu wa darubini, palepale mtoto Safinah alipokuwa akipasugua kwa pamba kila jioni.

Salme alimwona, na kinyaa kikampanda. Akakimeza. Mtu wa usalama mwenye miwani nyeusi, shati la maua na bastola iliyovimba chini ya shati haambiwi anawe mikono.

"Watu wanasema una darubini ya kupelelezea serikali," Uthman alimwambia mume wa Salme, huku akichokoa meno kwa ukucha. "Nikawaambia, nani, Abdulghani? Huyo nimesoma naye chuo cha Kurani. Mwoga tangu utoto."

"Ya kutazama mwezi tu, afande." Abdulghani alicheka kicheko chembamba. Bado alikuwa na kanzu aliyorudi nayo kutoka swala ya Ijumaa.

Ilikuwa kweli. Darubini hiyo waliachiwa na Mhindi wa duka la dawa, mwaka ule Wahindi walipofukuzwa. Ililala uvunguni mpaka Abdulghani alipochoka kukaa ndani kila jioni kama kuku aliyefunikwa tenga. Akaitoa uani na kuanza na mwezi. Kisha wakaitafuta sayari ya Zuhura, baba, mama na mtoto, wakigombania zamu. Safinah alichora kila alichokiona. Siku moja akanung'unika, "Baba, mwezi wa angani umetazama huku, wa ndani ya darubini umetazama kule!" Baba yake akamwonyesha kile kipande cha kuwekea jicho, kilichopinda kama kiko. "Ni kioo cha humu kinachogeuza, mwanangu. Huko mbinguni hakimpotezi mtu." Salme alikuwa anakaanga vitunguu, hakujali.

Sasa Uthman alinyoosha kidole ng'ambo ya bonde. Kule kulikuwa na vyumba sita chini ya paa moja la mabati, milango yote ya buluu, yote ikitazama huku kwao Mengo.

"Kuna polisi mtoro amejificha kule. Nikivunja mlango usio wake, ataruka migombani. Nataka nijue mlango mmoja tu."

Salme alimjua. Polisi huyo alikuwa Okullo, aliyempeleka hospitali ya Mulago kwa gari la kazi usiku aliposhikwa na uchungu wa Safinah. Kila magharibi Salme alimpelekea chakula, chumba cha mwisho kushoto. Leo matoke yalikuwa yanapoa jikoni, na yeye amesimama hapa akimpakulia nyama mwindaji wake.

Chumba cha mwisho kulia kilikuwa cha Kavugho, mwanamke asiyekosa sukari wakati Kampala nzima inakunywa chai kavu. Wanawake wa bombani walimjua kanali aliyemletea sukari hiyo kila Ijumaa, akipenya migombani kwa miguu ili mkewe asisikie. Salme alipomsimulia mumewe, walicheka hadi machozi. Lakini hayo nani angeyakumbuka sasa?

Alimkazia mumewe macho. Sema imeharibika. Sema kioo kimepasuka.

Abdulghani aliinuka. Kwa mikono yake mwenyewe akaigeuza darubini kuelekea bondeni. Akakipachika kile kipande kilichopinda.

"Ukitazama moja kwa moja shingo itakuuma, afande. Weka jicho hapa. Hiki zungusha polepole."

"Baba, lakini..." alianza Safinah.

"Nyamaza! Wakubwa wanazungumza."

Hakuwahi kumkemea mtoto hivyo. Salme alitazama vidole vya mumewe vikizungusha kwa adabu, kama mtumishi anayemmiminia bwana wake chai. Vidole hivyohivyo vilimlisha tonge siku ya harusi.

Jua lilikuwa limezama, mwanga bado upo. Salme aliomba kimya kimya, usifungue, kaka, nakuja, vumilia njaa. Lakini njaa haina masikio.

"Aa! Huyo!" Uthman alipiga paja. "Anachungulia! Kichwa kirefu kama mchi. Mlango wa mwisho kulia!"

"Una hakika, afande? Hebu tazama tena."

"Mwoga wewe! Nimeona kwa jicho langu. Wa mwisho kulia, nitaupiga teke mimi mwenyewe." Akanyakua pande la nyama, akalisukuma mdomoni lote. "Nitakutaja kwa wakubwa, Abdulghani. Utaletewa sukari."

Alipoondoka, uani palibaki harufu ya manukato, pombe na mafuta baridi.

"Umempa mbwa pua," Salme alisema. "Kwa mikono yako. Kuanzia leo kula utakakojua, mimi sikupakulii."

Abdulghani aliketi kwenye kigoda, macho bondeni.

Taa za gari la Uthman zilishuka, zikavuka kijito, zikapanda na kuimulika milango ya buluu. Salme alimvuta Safinah, akauficha uso wa mtoto kwenye tumbo lake na kufumba macho yake mwenyewe. Kishindo cha mbao kuvunjika kilivuka bonde. Kisha mtu mmoja akaanza kufoka, kwa sauti iliyozoea gwaride.

Salme akafumbua macho.

Kwenye mwanga wa taa, mlangoni pa Kavugho, alisimama mtu mnene mwenye taulo tu kiunoni. Askari walikuwa wamejipanga mbele yake, viganja kwenye vipaji vya nyuso. Uthman alikuwa amepiga magoti. Upande wa pili, mlango wa mwisho kushoto ulifunguka taratibu, na kichwa kirefu kama mchi kikazama migombani.

Abdulghani alichukua pamba, akaanza kuyafuta mafuta ya mbuzi.

"Haya, Safinah," alisema. "Ulitaka kusema nini kuhusu kile kioo?"