Vumbi la Kichuguu

Jioni ile Kakakuona na mkewe walikula kumbikumbi kama kawaida, kisha Kakakuona akakohoa mpaka magamba yake yakagongana.

"Baba Mwanaidi, kikohozi hiki ni cha tangu masika. Nenda kwa Daktari Korongo."

"Vumbi la kichuguu tu," akajibu, akajikunja kama mpira, kama afanyavyo kila akiogopa.

Mkewe akamsogelea. Kisha akakohoa, kidogo tu.

Kakakuona akajikunjua. "Mama Mwanaidi! Hilo si vumbi!"

Asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni kwa Korongo, mkewe mgongoni.

"Mgonjwa nani?"

"Mke wangu," akasema, akakohoa.

"Mimi ni buheri wa afya," mkewe akasema akishuka. "Nilikohoa ili uje."

Kakakuona akaanza kujikunja, akamtazama mkewe, akaacha. Akautoa ulimi wake mrefu mpaka mezani kwa daktari.