Pindo la Aliyekosa

Lamar alikuwa ameshanoa mkasi kabla Verna hajamimina baruti kwenye gobori.

"Shemeji, jiandae kupigwa baridi mgongoni," alisema, na wenzake wakacheka.

Kambi ile ya milimani, Pennsylvania, ina sheria zake. Anayemkosa kulungu hukatwa pindo la shati alilovaa, likapigiliwa ukutani, na likishapigiliwa haling'olewi, hata mwenyewe akifa. Ukuta ulijaa mapindo ya baba, babu na wajomba waliokwisha kuzikwa. La Merle, marehemu mume wa Verna, halikuwepo. Maisha yake yote Merle hakukosa hata mara moja.

Verna alikuwa ameleta picha ya mumewe aitundike humo. Lamar, mkubwa wa kambi, aliikatalia mlangoni.

"Ukuta huu ni wa waliokosa tu. Merle tulimpenda, lakini sheria ni sheria."

"Yaani mzembe akumbukwe humu, fundi asahauliwe?"

"Ndivyo tulivyokuta, shemeji."

"Basi nitawinda mimi, kwa nafasi yake. Nani atanizuia?"

Walinung'unika weee. Mwanamke alikuwa hajawahi kulala kambini hapo. Mwishowe Lamar akakubali kwa shingo upande. "Ukiangusha dume, kitanda cha Merle ni chako. Ukikosa, tunakata shati na hatutaki kukuona tena."

"Sawa. Maneno yamekwisha."

Wakamjaribu kwanza. Kopo la maharagwe liliwekwa yadi mia, na upepo ulikuwa ukivuma kutoka kushoto. Verna akaelekeza gobori kushoto kabisa mwa kopo, penye hewa tupu.

"Shemeji, kopo liko huku!" Lamar akapiga kelele.

"Nimeliona. Na wewe uuone upepo. Risasi ya gobori ni gololi tu, Lamar. Kwa karibu haina neno, ila ikienda mbali upepo unaisukuma unavyotaka."

Akafyatua. Kopo likaruka juu. Hakuna aliyecheka.

Asubuhi iliyofuata, kulungu dume mwenye pembe za kutamanisha alitokeza hatua chache tu kutoka alipojibanza Verna. Lamar, aliyekuwa akichungulia nyuma ya gogo, aliona kazi imekwisha. Verna hakutikisika.

"Piga basi!" Lamar alinong'ona kwa hasira. "Mama huyu anangoja nini?"

Kulungu akakatiza uwanja wa theluji taratibu, akafika ng'ambo ya mbali, upepo mkali ukimpuliza kutoka mkiani. Hapo ndipo Verna alipoinua gobori. Akalenga kifua chenyewe, wala hakusogeza mtutu hata inchi moja kufidia upepo. Jiwe la gobori likatoa cheche, moshi ukatanda. Risasi ikatifua theluji mbele ya kifua cha mnyama, naye akatimka mzima.

Kambini walimpokea kwa vigelegele vya kejeli.

"Kopo unaliweza, nyama huiwezi!"

"Nimekosa," Verna alisema, kichwa juu. "Kateni. Na mkate kipande kikubwa, msinionee huruma."

Akalichomoa shati kutoka kwenye suruali. Lamar akakata, akapigilia kitambaa ukutani kwa misumari minne, wote wakishangilia na kugonga meza. Verna akavaa koti na kuanza kufungasha vitu vyake.

"Hata hulii?" Lamar aliuliza. Moyoni alianza kumwonea haya.

"Nilie nini? Kitanda gombanieni wenyewe."

Akatoka, akaubamiza mlango.

Lamar akachukua kalamu aandike jina la aliyekosa, kama ilivyo desturi yao. Akasogeza taa karibu na ukuta. Jina lilikuwa limeshatariziwa kwenye kitambaa, kwa uzi mwekundu na herufi kubwa: MERLE.