Karibu ya Tatu

Kuku wa tisa alimdonoa Ordell puani. Ordell akamtukana kwa sauti ya chini, akambana kwapani na kuendelea kumpaka vaselini kwenye kilemba, ile nyama nyekundu ya kichwani. Walibaki wawili, mmoja wao jogoo, na jogoo alishaona kitakachompata.

Vaselini huzuia vilemba visiungue kwa baridi, basi. Haimwokoi kuku. Waya wa umeme wa bandani ulikuwa umekatika chini ya theluji, taa ya joto imezima, na redio ilisema usiku huo baridi ingefika arobaini chini ya sifuri, na upepo juu yake. Kwenye baridi ya namna hiyo kuku hafi kwa kelele. Unamkuta asubuhi yuko palepale kwenye kijiti chake, mgumu kama gogo.

Ordell alirudi ndani na manyoya kwenye ndevu. Mkewe, LaVonne, hakumpa nafasi ya kufungua mdomo.

"Kuku mmoja akikanyaga zulia langu, wewe unahamia bandani."

"Sijasema kitu."

"Uso wako umesema. Bi Borghild je? Si alipiga simu asubuhi?"

Bi Borghild alikuwa jirani yao, mjane wa miaka themanini na mbili, ng'ambo ya barabara. Alikuwa amepiga simu kusema ana nafasi jikoni, kuku wote wanaweza kulala kwake.

"Nilimwambia hapana, tuko sawa," Ordell alisema.

"Vizuri. Halafu?"

"Akasema tena niwalete. Nikamwambia hatutaki kumsumbua."

"Vizuri. Na mara ya tatu?"

Ordell alitazama buti zake. "Akakata simu."

LaVonne akaketi. Kwetu mtu mwenye adabu hukataa mara mbili, akakubali ya tatu. Anayekubali ya kwanza ni mlafi. Anayeomba mwenyewe bila kukaribishwa atasemwa mpaka siku ya mazishi yake. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwetu afadhali usizae.

"Nenda ukaifuate hiyo ya tatu," LaVonne alisema. "Mpelekee chakula. Ukiwa na bakuli mkononi hujaomba, umetembelea."

Saa tisa alasiri Ordell alisimama mlangoni kwa Bi Borghild na bakuli la viazi na nyama, limefunikwa kwa taulo. Mlango ulifunguka kidogo tu, upana wa pua. Bi kizee alikuwa amevaa koti na kofia ya manyoya, kama mtu anayetaka kutoka. Miwani ya Ordell haikuingia ukungu kama inavyoingia kila anapofunguliwa mlango wa watu na joto la ndani likampiga usoni. Akashukuru, maana alimwona vizuri.

"Limetoka jikoni sasa hivi?" Bi Borghild aliuliza.

"Sasa hivi."

Akalipokea, akalitia ndani ya koti, akalikumbatia kifuani kama mjukuu. Kahawa hakuitaja. Ordell aliona hiyo ni dalili mbaya, kwa kuwa bibi huyu aliwahi kumpa kahawa hata mtu aliyeangusha ua wake kwa trekta.

"Kuna kabaridi," Ordell alisema.

"Kidogo."

"Nasikia usiku kataongezeka."

"Ndivyo wanavyosema."

Wakaitazama theluji.

"Kuku hawajambo?" Bi Borghild aliuliza.

"Wanavumilia. Wanasimama kwa mguu mmoja mmoja."

"Ni wanene mwaka huu?"

"Wanene."

"Manyoya yamejaa?"

"Ukimshika mmoja utadhani umeshika mto."

"Aa," alisema Bi Borghild, akafumba macho. Ordell akaingiwa na hofu kwamba ajuza anafikiria supu.

Akaanza kuaga. Kwetu kuaga ni safari. Aliaga mlangoni, akaaga kwenye ngazi, akaaga tena penye njia, na kila mara aliacha mwanya mtu aseme jambo. Bi Borghild alisimama pale na bakuli lake akisema ahsante, haya, ahsante. Kope za Ordell zilianza kushikana kwa barafu. Alipofika barabarani alicheza karata yake ya mwisho.

"Basi ngoja nikaagane nao," alisema kwa sauti. "Kuku."

Kikasikika kikohozi.

"Ordell. Ungewaleta tu."

Ya tatu. Ordell alitaka kuruka juu. Badala yake alihesabu moja hadi tano, kwa heshima, akakuna shavu.

"Kama haitakuwa taabu."

"Fanya haraka basi."

Hakuna aliyewahi kumwona Ordell akikimbia, lakini siku hiyo alikimbia, buti zikizama hadi magotini, akicheka peke yake kama mlevi. Alijaza kuku kumi na mmoja kwenye maboksi matatu, akayafunga juu ya sleji, ubao wa kuburuta mizigo thelujini, kwa kamba ya kuanikia nguo za LaVonne. Boksi moja lilipinduka barabarani. Jogoo aliwika njia nzima kutoka ndani ya giza lake, na LaVonne alisimama dirishani akimpigia makofi.

Bi Borghild alikuwa ameshika mlango, safari hii wazi kabisa.

"Jikoni," alisema. "Moja kwa moja, usivue viatu."

Ordell aliingia na boksi la kwanza. Kitanda cha bibi kilikuwa katikati ya chumba, mbele ya jiko lililozimika, kimerundikwa mablanketi, na bakuli la viazi limelala kwenye mto. Mezani palikuwa na ndoo ya maji, imeganda, na kata imesimama wima ndani yake.

Bi Borghild alipanda kitandani na buti zake, akainua blanketi.

"Hao wawili wanene niwekee miguuni," alisema. "Jogoo, mgongoni."